Mahindi Juu ya Mitumbwi

Zamda binti Muhidini alikuwa na tabia iliyowachosha majirani: alikuwa akiwahesabu watu ambao hawajafika. Akiona mume na mke wameketi ukingoni na vikapu vyao wakingoja kuvushwa, yeye haoni mume na mke tu. Anaona na ndugu watakaowafuata mwakani, na wakwe, na mbuzi wa mahari, na wagonjwa watakaoletwa kwa mganga wakiwa wamebebwa kitandani. Mjomba wake Sadala, mchongaji wa mitumbwi mwenye ulimi mkali kuliko tezo yake, alikuwa akisema, "Huyu akipika ubwabwa, hupikia na wajukuu wa wageni."

Kivuko kilikuwa cha marehemu baba yake. Kilikuwa juu kidogo ya Ndundu, mahali ambapo njia itokayo Kibiti huteremka bondeni na kukutana na Rufiji uso kwa uso. Ng'ambo ya pili njia iliendelea kusini, kwenye vijiji vya mashamba na vilima vya Wamatumbi. Palikuwa na mitumbwi mitano mikubwa, yote ya mti wa mkongo, yote imetoka mikononi mwa Sadala. Na palikuwa na sheria moja: upondo haushikwi na mtu asiye wa nyumba ya Muhidini. Upondo ni ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, uliokuwa ukiletwa kutoka mikokoni kule Kiongoroni, na kwa watu wa nyumba ile ulikuwa kama ufunguo wa mlango. Mgeni akiuomba, hata kwa mzaha, alijibiwa, "Omba mke, usiombe upondo." Sadala mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ndugu wa mama, hakupata kuushika. Alichonga mitumbwi ya watu maisha yake yote, akavushwa ndani yake kama mzigo.

Baba alipofariki, kaka wawili wa Zamda walirithi pondo, na Zamda, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya talaka, alirithi kelele. Yeye ndiye aliyekuwa akipanga nani atangulie na nani angoje, mzigo gani ukae mbele na upi nyuma, ng'ombe aogelee upande gani. Mabishano yote ya ukingoni yaliishia kwake, na mengi yaliishia haraka.

Kisha ukaja mwaka ambao watu walianza kwenda Ngarambe. Walikwenda kufuata maji ya dawa, yale yaliyosemekana yatazigeuza risasi za Wadachi kuwa matone. Walitoka Kibiti na vijiji vya njiani, jamaa nzima nzima, wameacha pamba ya akida bila kupaliliwa. Kivuko hakikuwa kimepata kuona watu namna ile. Kaka zake walifurahi, na kila jioni walishindana kuonyeshana viganja vilivyochubuka.

Zamda hakuuliza kama dawa ni ya kweli. Aliuliza, "Hawa wanakwenda kidogo kidogo. Wakirudi wote siku moja, itakuwaje?"

"Watarudi washindi," alisema kaka mkubwa. "Washindi hawana haraka."

Kaka hao nao walivuka, wakanywa maji, wakaenda walikokwenda wenzao. Hakurudi hata mmoja.

Vita vilipolipuka, ilitoka amri bomani kwamba mitumbwi yote ya mto ikusanywe ivunjwe, wapiganaji wasipate pa kuvukia. Mtu wa bara angeificha mitumbwi msituni, na askari wangeikuta kwa kufuata mburuzo. Watu wa mto wana kitanda kingine cha mtumbwi. Kila kiangazi, jua linapokuwa la kupasua mbao, mtumbwi usio na kazi hujazwa udongo wa mfinyanzi ukazamishwa. Majini haupasuki, hauliwi na mchwa, wala mwizi hauoni. Zamda na Sadala wakaizamisha yote mitano, ubavu kwa ubavu, kwenye maji matulivu ya ndani ya kona, pale pale ilipokuwa ikilazwa tangu enzi za babu, na alama yao ikawa mkwaju mkubwa uliosimama ukingoni. Wakabakiza kidau kimoja cha kutegea samaki. Askari waliokuja walikitazama, wakacheka, wakakiacha.

Kosa lilikuwa hapo, na mtu asiyeujua mto asingeweza kulifanya. Mtumbwi hulazwa kwa kiangazi kimoja tu. Huamshwa kabla mto haujajaa, maana ukijaa, hakuna kifua cha kuzamia na kuunyanyua mtumbwi uliobeba udongo. Watu wa mto wanalijua hilo kama wanavyoijua saa ya futari. Lakini vita haviijui kalenda ya mto. Askari walikaa ukingoni vuli yote, wakapitisha kaskazi yote, na walipoondoka kwenda kusini maji yalikuwa yamekwisha kupanda.

Hapo ndipo waliposhuka watu wa ng'ambo. Vijiji vyao vilikuwa vimechomwa moto pamoja na ghala, kuanzia vilimani mpaka pande za Mbwara, na moshi ulionekana mchana kutwa. Walikuja ukingoni wakiwa nchi nzima, kama Zamda alivyosema, isipokuwa hawakuwa washindi.

Zamda akavuta kidau. Kilichukua watu wawili, au mama na watoto wake wakijikunyata. Akaenda na kurudi, akaenda na kurudi. Kila alipofika ng'ambo aliwaambia waliobaki, "Ngojeni, narudi," na kila alipogeuza kidau kuwarudia alikuta wameongezeka. Waliochoka kungoja walifunga vigogo vya migomba wakajitosa. Baadhi mto uliwatupa kaskazini wakiwa hai, na baadhi uliwachukua. Wapo waliomwita kwa jina. Aliwasikia, naye yuko katikati ya maji na watu wawili ndani ya kidau, na hakuweza kugeuka.

Siku chache baadaye gharika yenyewe ilifika. Bonde lote likawa bahari ya kahawia, na wasiovuka hawakuvuka tena.

Zamda hakuwa mtu wa kulia mbele za watu. Alimwambia Sadala neno moja tu walipokuwa wakikikausha kidau: "Nchi nzima haitapita tena kwenye tundu la sindano. Si hapa."

"Na vita vikiisha?"

"Vikiisha ndiyo watakuja wengi zaidi, mjomba. Njaa ina miguu mirefu kuliko vita."

Waliookoka hawakwenda mbali. Wangekwenda wapi? Walijenga vibanda vya matete kwenye mwinuko wa kaskazini, kibanda kikiegemea kibanda, na kila wiki palizuka moshi mpya. Walikuwapo Wamatumbi, Wandengereko wa ng'ambo, wavuvi wawili watatu waliopotea njia, na fundi cherehani mmoja asiye na cherehani, aitwaye Khamisi. Miji mingi mikubwa ya dunia ilianza hivyo hivyo, kwa watu waliokusudia kulala siku moja. Tofauti ni kwamba huu ulipata mtu wa kuufikiria ungali wa matete.

Zamda alitokea asubuhi moja na fimbo, akaanza kuchora mistari katikati ya vibanda. Mstari ulikuwa mpana wa kupishana vitanda viwili vya wagonjwa, pamoja na punda. Ulitoka kwenye njia ya Kibiti ukashuka mpaka majini. Kisha akachora wa pili, ukielekea ukingo mrefu wa juu.

"Hapa pasijengwe," alisema.

Khamisi alitoka kibandani mwake, ambacho mstari ulikuwa umekipita mlangoni. "Njia ya nani hii, bibi? Ya tembo?"

"Ya watu."

"Watu gani? Watu ndio sisi, na tunapita vizuri tu kwa ubavu."

"Watu watakaokuja."

"Haa!" Khamisi akawageukia majirani. "Mmesikia? Mimi niliyekuja nihame, kumpisha ambaye hajazaliwa!"

Walicheka sana. Lakini Zamda alisimama pale mpaka kicheko kikaisha, na kicheko kikiisha mtu aliyesimama bado amesimama. Khamisi alihamisha kibanda chake. Siku chache baadaye alikuta kiko kwenye mstari wa pili, akahama tena, safari hii kwa hasira. "Nakwenda kujenga mwisho kabisa, kule chini," alitangaza, "kwenye matope, pasipo na njia wala wazimu!"

Alichokuwa akikipanga Zamda, alimweleza Sadala peke yake. Kivuko kimoja ni mtego. Mto wa Rufiji hauna nyumba, ni mpangaji. Masika huhama, ukaacha watu na diko lao, yaani pale pa kupakilia na kushukia, wakitazama mchanga. Kwa hiyo madiko yawe matatu, la juu, la kati na la chini, ili mto ukiharibu moja, au askari wakifunga moja, watu wapate la kwenda. Kila diko liwe na mitumbwi yake na njia yake, na njia zote zikutane kwenye mwinuko. La juu na la kati alikwisha kuyaona. La chini lilimshinda. Aliutembea ukingo wote wa chini akichoma fimbo, na fimbo ilizama kila mahali kama kwenye uji.

Halafu alipanda miche ya mkongo nyuma ya mwinuko, safu ndefu, akaizungushia miiba.

"Ya nini?" aliuliza Sadala.

"Ya mitumbwi. Watu wakizidi, mitano itatosha?"

"Mwanangu, mti huu utakapofaa kuchongwa, mimi nitakuwa nimekwisha kuwa mbolea yake."

"Basi utakuwa umesaidia mara mbili."

Sadala alicheka mpaka akakohoa. Lakini jioni alionekana akiimwagilia.

Maji yaliposhuka, mto ulikuwa umehama. Ile kona ya ndani haikuwepo. Mkwaju haukuwepo, wala ukingo uliokuwa umeubeba. Mahali pa maji matulivu palikuwa na shamba jipya la tope jeusi, laini kama samli, lililotandazwa na gharika. Na tope la gharika, kwa desturi ya bonde lile, ni la mlau: ni shamba la kupanda maji yakipungua, na mwenye kulitangulia kwa jembe ndiye mwenye mavuno. Aliyetangulia alikuwa mwanamke wa Kimatumbi aitwaye Sijaona. Alikuwa na mtoto mgongoni na mama yake akiwa bado ng'ambo, na alikuwa amepata mbegu kwa kuwatwangia watu wa Kibiti. Alilima kipande chote, akapanda mahindi, akajenga dungu katikati yake, kibanda cha juu ya nguzo cha kulindia shamba, akahamia humo. Njaa ilikuwa imekwisha kushika pande zote mbili za mto, na mahindi yale ndiyo chakula chake chote cha kutegemea.

Chini yake ililala mitumbwi mitano.

Katikati ya kiangazi habari zikaja kwamba amri ya mitumbwi imeondolewa, maana hata boma sasa lilitaka watu wavuke. Ng'ambo watu walikuwa wakila mizizi. Kidau kilikuwa kikivusha wachache wenye nguvu ya kusimama ukingoni, na vuli haikuwa mbali. Zamda alijua kwamba mto ukipanda tena na yeye ana kidau, ile siku itajirudia yote, mpaka sauti.

Kwanza walitafuta pembeni mwa mahindi. Sadala alishikilia kuwa mkwaju ulikuwa pale, Zamda akashikilia kuwa ulikuwa kule, wakachimba mashimo pale na kule, wakatoa konokono. Watu walikuja kutazama kama ngoma.

"Bibi wa njia za tembo sasa anachimba kisima!" alisema Khamisi. "Mto huu hapa, bibi, maji yapo!"

Kulikuwa na njia moja ya hakika, nayo ilikuwa kulichimbua shamba lote. Zamda alikwenda kwa Sijaona asubuhi, akamkuta juu ya dungu akipigia ndege kelele.

"Hodi, mwenzangu."

"Karibu. Lakini ukija kuniambia nihame, mimi si Khamisi."

"Naomba kupanda tu. Nitazame mto."

Alipanda ngazi ya miti, akakaa kando ya mtoto aliyelala. Alikusudia kuutazama mto, auchore kichwani ulivyokaa sasa. Lakini macho yalipokuwa yakielekea huko yalipita juu ya mahindi, yakasimama. Jua la kiangazi lilikuwa limekwisha kuyachoma. Majani yalijikunja, rangi imeanza kuwa ya nyasi. Isipokuwa katikati. Katikati palikuwa na mistari mipana ya kijani, mahindi manene yaliyoshiba, kila mstari na urefu wa mtumbwi, yote imeelekea upande mmoja, ubavu kwa ubavu kama watu wa nyumba moja waliolazwa mkeka mmoja.

Mfinyanzi ulishika maji. Miezi yote ile, ndani ya mitumbwi, ulikuwa ukiyanywesha mahindi ya Sijaona kwa chini.

Zamda aliisogeza kanga usoni. Kisha akanyoosha kidole, "Unaona yale ya kijani?"

"Siyaoni vipi? Ndiyo yatakayonipa kitu. Hayo mengine ni mabua."

"Chini yake ndimo ilimo mitumbwi yangu."

Sijaona hakushtuka. Aliokota donge, akalitupia ndege, akamkosa. "Kwa hiyo hutaki shamba lote. Unataka lile zuri tu."

"Ndiyo," alisema Zamda. Hakuona namna ya kulipamba.

"Mtu wa mto," alisema Sijaona, "mnatuambia Wamatumbi tunaogopa maji kama kuku. Nyinyi mnaogopa nini? Maana aibu hamna."

"Nikikwambia nitakulipa, nitakuwa nimekudanganya. Sina kitu. Lakini mahindi haya yatakulisha wewe na mtoto mpaka vuli. Mitumbwi ile italisha watu tusiowajua, mwaka hadi mwaka."

"Wale wako wasiofika."

"Wale wangu wasiofika. Na mama yako yumo."

Ndege walishuka kwenye mahindi, na hakuna aliyewapigia kelele.

"Siku ile," alisema Sijaona, "ulinivusha mimi na huyu. Mdogo wangu alibaki ukingoni. Ulimwambia, ngoja, narudi."

Zamda aligeuza macho mtoni.

"Sikulaumu, ulirudi. Yeye ndiye hakungoja. Lakini mimi nilikaa ndani ya kidau chako nikiitazama mikono yako. Ilikuwa inatoka damu. Nikawa nasema moyoni, laiti kungekuwa na mikono mingine. Mimi mwenyewe nilikuwa na mikono miwili, nimeikalia." Akamgeukia. "Umepanga njia, umepanga madiko, umepanda na miti. Mitumbwi mitano ikitoka, ataisukuma nani? Kaka zako?"

Zamda alikuwa amewahesabu wanaovuka mpaka vizazi vya mbele. Wanaovusha hakuwa amewahesabu hata mara moja, kwa sababu nyumbani kwao hao hawahesabiwi. Wapo tu, kama paa la nyumba. Na nyumba ya Muhidini sasa ilikuwa yeye.

"Mahindi chukua," alisema Sijaona. "Lakini nipe upondo. Si kesho, si mmoja wa kubembelezea. Mtumbwi mmoja uwe mkononi mwangu, na unifundishe mpaka niujue. Na Mmatumbi mwingine akiutaka, afundishwe. Hayo ndiyo yangu."

"Upondo haushikwi na mtu asiye…"

"Najua. Niombe mke. Mke wa nini mimi?"

Zamda alishuka bila kuaga. Alitembea mpaka kwenye miche yake, akazunguka safu yote, akarudi. Sadala alikuwa pale akirekebisha miiba, naye alipoambiwa alitema mate pembeni, akafikiri.

"Baba yako angekataa," alisema.

"Najua."

"Angekataa vizuri sana, kwa methali tatu. Kisha watu wangezama." Akachomeka mwiba. "Mimi nimechonga mitumbwi ya nyumba hii tangu mama yako yu mwari, na sikupata kuisukuma hata mmoja. Nilidhani ni heshima. Siku ile ya watu wa ng'ambo nilikuwa nimesimama ukingoni, mzima wa afya, nikikutazama wewe. Kumbe ilikuwa nini?"

Zamda alirudi shambani. Sijaona alikuwa bado juu.

"Shuka," Zamda alimwita. "Leta jembe. Tunaanza na mstari wa huku."

"Na upondo?"

"Upondo utaufuata mtumbwi. Au unataka kusukuma tope?"

Walivuna kwanza. Mahindi ya kijani yalikuwa yamekwisha kushika punje, laini bado, na yalichemshwa pale pale kwenye vyungu vya jirani. Waliokuja kucheka walipewa hindi na jembe, na ni vigumu kumcheka mtu huku unatafuna hindi lake. Khamisi alikula mawili akachimba kama watatu. Shimo lilipokaribia urefu wa mtu, jembe la Sadala liligonga, na mzee akalitupa akaanza kufukua kwa mikono, akisema "Bismillahi, Bismillahi," mpaka ukingo wa mtumbwi ukatokeza, mweusi, umejaa mfinyanzi uliotobolewa na mizizi ya mahindi kama chujio.

Mmoja ulikuwa umepasuka vibaya. Minne ilitoka mizima. Sadala aliipapasa mmoja baada ya mwingine kama mtu anayepapasa ng'ombe waliorudi kutoka kuibwa. Ule uliopasuka hakutaka utupwe. Alisema utatoa viraka vya mingine.

Siku ya kuushusha wa kwanza, watu wote wa mwinuko walishuka nao. Ng'ambo, watu wachache walisimama ukingoni, wadogo kama vijiti. Zamda alikuwa amemfundisha Sijaona kwenye maji mafupi ya pembeni siku kadhaa, kwa matusi mengi kuliko maelezo. Sasa alimpa upondo wa baba yake. Alimpa kwa mikono miwili. Wazee wa Kindengereko waliokuwepo waliinamisha macho, na mmoja alisema "Makubwa," lakini hakusema zaidi.

"Mjomba, keti mbele. Ukiona anazama, mwambie."

"Nitamwambia nikiwa wapi?"

Mtumbwi ukatoka. Ulikwenda vizuri mpaka kwenye mkondo. Pale maji yalimshika Sijaona kwa nyuma, mtumbwi ukajipinda, ukatazama ulikotoka, ukatazama baharini, ukazunguka tena.

"Choma chini! Chini, usipige maji!" Zamda alianza kukimbia ukingoni. "Unatwanga? Hicho si kinu!"

"Mwambie na mto utulie!" ilijibu sauti ya Sijaona.

"Mimi nashuka!" alipiga kelele Sadala.

"Shuka basi, mamba hajala!" alijibu Sijaona.

Watu walishika mbavu. Mtumbwi ulikuwa sasa unateremka, umekataa kuvuka, lakini Sijaona hakuuacha upondo. Alikuwa amekunja magoti, amemwacha mtoto mikononi mwa nani sijui ukingoni, na kila upondo ulipogusa chini aliusukuma kwa kifua chote kama anayesukuma mlango. Hakulia wala hakuita. Mkondo ulimpeleka chini, chini, ukakata kona, kisha taratibu, kama mtu aliyechoka na mzaha, ukamrudisha ukingo ule ule wa kaskazini. Pua ya mtumbwi ikagonga nchi kavu.

Ikagonga. Zamda aliisikia, akasimama. Mtumbwi ukifika kwenye tope haugongi. Unanyonywa.

Alifika akihema. Palikuwa na mwanya kati ya matete, umekanyagwa na viboko tangu zamani, na kiboko hapandi pasipombeba. Alikuwa amepita hapo mara nyingi na fimbo yake, ila kwa juu. Hakuwahi kupatazama kutoka majini, kama wanaokuja.

"Usishuke!" alimwambia Sijaona, kisha, "Shuka. Ruka."

"Nini?"

"Ruka, nakwambia. Kwa miguu yote miwili. Ruka tena."

Sijaona, ameloa mpaka kiunoni, akaruka. Ardhi haikutikisika. Zamda alichoma fimbo na fimbo ikakataa kuingia. Akachoma pembeni ikakataa, na alipochoma mbele kidogo ikakataa tena.

Sadala alikuwa bado mtumbwini, ameshika kingo kwa mikono yote miwili. "Nauliza tu," alisema, "tumefika ng'ambo?"

"Hamkufika," alisema Zamda. "Mmefika diko la chini."

Akamkabidhi tena Sijaona upondo uliokuwa umemdondoka kwenye matete. "Panda. Mkondo unaleta mtumbwi hapa wenyewe. Kwa hiyo kwenda tutaondokea juu, na kurudi tutashukia hapa. Tunarudi juu tukaanze upya, na leo leo unavuka. Wale wanangoja."

"Nikipinduka?"

"Utapinduka. Kisha utapanda."

Lakini kabla Zamda hajaingia mtumbwini aligeuka nyuma, akainyoosha fimbo kutoka majini kuelekea mwinuko, jicho moja limefumbwa, akipima pa kupitisha njia. Mstari ulipanda kwenye matete, ukavuka kipande cha tope, ukafika moja kwa moja kwenye mlango wa kibanda kimoja kilichojitenga, cha mwisho kabisa.

Khamisi, aliyekuwa amewafuata akicheka, aliiangalia ile fimbo, akaufuata mwelekeo wake kwa macho. Kicheko kikamkauka. Akamtazama Zamda, akawatazama wale watu wa ng'ambo waliosimama kama vijiti, kisha akapanda taratibu mpaka kibandani mwake, akaanza kukunja mkeka.